Mikasa V200W kwenye kiwanja cha vumbi: maoni ya kocha wa chuo

Mpira huu wa wavu unalala chumbani kwetu, juu ya kabati, ndani ya foronya. Stoo ya michezo ya chuo ina kufuli, ila funguo zake ziko nne na mimi wenye nazo nawajua watatu tu. Mama watoto alinuna siku ya kwanza. Siku hizi akifagia anaushusha mwenyewe na kuupangusa.

Ni Mikasa V200W, ule wa njano na bluu unaoonekana kwenye mashindano ya dunia ya wavu. Nimeununua kwa posho ya kusahihisha mitihani, laki mbili na arobaini, na nimekaa nao miezi minane. Makocha wenzangu wa vyuo kila tukikutana wananiuliza kama nilirogwa. Kwa hela hiyo ningepata mipira minne ya raba na chenji ya soda.

Kabla ya huu nilipigwa. Wa kwanza niliuchukua duka moja mjini, silitaji jina: rangi zilezile, maandishi yaleyale, hata boksi. Ulinitia shaka ulipodunda kama tofali. Nikaupeleka kwa mangi, mwenye duka jirani na geti, akauweka kwenye mizani anayopimia sukari, ikasoma gramu 312. Kanuni zinataka 260 hadi 280, na mzunguko wa sentimita 65 hadi 67. Mangi akaniuliza, "Mwalimu, huu mpira au tikiti?" Muuzaji alinirudishia nusu ya hela baada ya safari tatu. Huu wa sasa ulisoma 271, nikamnunulia mangi soda. Kwa hiyo ukienda kununua beba mizani ndogo ya jikoni na futi ya fundi cherehani, usione aibu. Pitisha na kidole: ngozi ya V200W halisi ina vishimo vidogovidogo kila mahali na haitelezi. Ule feki ulikuwa laini kama sahani ya plastiki.

Sasa mikononi. Nilipokuwa nasoma stashahada ya michezo Malya, kule Kwimba, tulikuwa na mpira mmoja wa maana, Mikasa ya zamani, MVA200, yenye vipande vinane, ile iliyoanza kutumika Olimpiki ya Beijing 2008. Tuliugusa siku ya mtihani wa vitendo tu. Siku nyingine zote ni raba. V200W ilikuja 2019 ikiwa na vipande 18, na tofauti niliyoiona mimi iko kwenye kupokea. Ile sevu (mpira wa kuanzisha) isiyozunguka, inayoyumba hewani kama mlevi, kwa mpira wa zamani ilikuwa inakuhama sekunde ya mwisho. Huu mpya nao unayumba, ila mpokeaji anauwahi. Wasichana wangu walikuwa wanapokea kwa kufumba macho, wameacha.

Ila pesa yangu ilirudi kwa seta, yule anayeunyanyua mpira ili mwenzake apige. Ni binti wa mwaka wa pili, amejifunzia wavu shule ya msingi kwa mpira wa raba unaouma, na akapata tabia ya kuupiga kwa viganja: pwa! Kila mara mwamuzi anapuliza. Nimehangaika naye mwaka mzima, nikimwambia vidole, vidole. Nilipompa huu akisimama chini ya mwembe, kwenye majani, mipira mia kila jioni, wiki ya tatu sauti ikabadilika. Ukiwa umempa mgongo unasikia tu "tup", kama mtu amefunga mlango wa kabati polepole. Kumbe mtoto hakuwa mbishi, alikuwa anaogopa kuumia.

Upepo nao mpira huu unautaka wa wastani, kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba. Vijana wamezoea kujaza mpaka ugongeke kama nazi, eti ndiyo smashi inakuwa kali. Nimepiga marufuku mtu mwingine kushika pampu. Sindano lowesha kwanza, usiisukume kavu, na nunua pampu yenye mshale wa kupimia. Bei ya pampu hiyo iliniuma kuliko ya mpira.

Jambo ambalo wengi hawafikirii: mpira huu umetengenezwa kwa ajili ya ukumbini, sakafu ya mbao au ya raba. Kiwanja chetu ni changarawe, mistari tunachora kwa chokaa, mvua ikinyesha tunachora upya. Kuutumia hapo kila siku ni kuvaa viatu vya harusi kwenda shamba. Kwa hiyo mazoezi ya kawaida na mechi za ndani ni raba, huu unatoka kwa seta, kwa wapokeaji, na wiki mbili kabla ya UMISAVUTA, mashindano ya vyuo vya ualimu, ili wasishangae wakikutana na mpira mzuri. Miezi minane, rangi ya njano imeanza kuwa ya ugali wa mtama upande mmoja, mishono yote imetulia.

Mtaniuliza kwa nini kocha ajinunulie vifaa. Kwa sababu kwenye muundo wa utumishi kocha wa wavu wa chuo hayupo. Mimi ni mkufunzi. Nilipewa timu wiki ya kwanza niliporipoti kwa kuwa mkuu wa chuo wa wakati ule aliniona mrefu, akasema, "Wewe utatusaidia wavu." Miaka kumi na moja sasa, saa kumi jioni, baada ya vipindi. Nikipanda daraja napanda kwa ualimu, na medali hazina kisanduku kwenye fomu.

Wenzetu Marekani hiyo ni kazi yenye ngazi zake. Dani Busboom Kelly alicheza wavu Chuo Kikuu cha Nebraska chini ya kocha John Cook, akatwaa ubingwa wa vyuo 2006, akarudi hapohapo kuwa msaidizi wake, 2017 akaenda Chuo Kikuu cha Louisville kuwa kocha mkuu, na Cook alipostaafu Januari 2025 akaitwa nyumbani kukalia kiti. Cook mwenyewe alianzia kufundisha timu ya sekondari. Mwaka 2023 timu ya wasichana ya Nebraska ilicheza wavu katikati ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani mbele ya watu 92,003. Nilimwonyesha mangi kwenye simu, akasema nimemdanganya, hiyo ni Simba na Yanga.

Basi, nani anunue? Kama chuo chako kina ukumbi au hata sakafu ya saruji iliyosuguliwa, waandikie barua wanunue minne, utaona matunda. Kama uko kwenye changarawe kama mimi, nunua mmoja, wa kufundishia mikono, na uufiche. Kama timu yako bado haiwezi kupokea sevu tatu mfululizo, hela hiyo weka kwenye raba nne, kila mtu aguse mpira mara nyingi zaidi. Nyota nne. Ya tano imebaki kwa mangi.

Barua ya uhamisho ikija, nguzo ni za chuo, wavu ni wa chuo, hata filimbi imeandikishwa. Mpira naondoka nao. Seta ameshaanza kuuchungulia, juzi aliniuliza, "Mwalimu, nikimaliza nikapangiwa shule, utaniazima?" Nikamwambia kwanza amalize mazoezi ya kufundisha, halafu anitajie kiwanja cha hiyo shule kina nini chini.