Silikoni gani ununue kwa moldi za mishumaa ya nta ya nyuki (angalia dakika kabla hujaangalia bei)

Jamani mwezi wa pili nimemwaga hela, tena hela yenyewe haikumwagika ikaisha, iligandia kwenye kopo nikiwa bado nakoroga. Nilikuwa nataka moldi ya hindi, hindi kavu zima na punje zake, mshumaa utoke kama hindi la kweli maana nta yetu ya Tabora ile rangi inayo yenyewe, huna haja ya kuipaka chochote. Muuzaji akaniambia dada chukua hii ya haraka, dakika sita umeshamimina, nusu saa umeshatoa. Nikaona raha. Saa saba mchana niko uani, bati linawaka, nachanganya A na B, zile sehemu mbili za silikoni zinazoganda zikikutana, nakwangua kuta za kopo taratibu kama nilivyofundishwa, naanza kumimina, ikashuka nusu, nusu ikagoma, kijiti kimesimama wima kama mwiko kwenye ugali. Hindi langu likavaa silikoni mpaka kiunoni basi.

Ndo usiku nikasoma karatasi yake vizuri. Zile dakika zinapimwa kwenye joto la nyuzi 23. Dar mwezi wa pili nyuzi 23 unazipata wapi, labda ukakorogee benki kwenye AC. Uani kwangu mchana ni 32 na zaidi, na silikoni joto likipanda nyuzi 10 muda wake wa kufanyia kazi unakaribia kukatika nusu. Kwa hiyo dakika sita zangu zilikuwa tatu, na mbili kati ya hizo nilizimaliza kukoroga. Hili hakuna muuzaji anakwambia, na hakuna mnunuzi anauliza. Watu wanauliza inavumilia moto? Nta ya nyuki inayeyuka nyuzi 62 mpaka 64, unamimina kwenye 70 na kitu, silikoni yoyote ya moldi inabeba hiyo bila wasiwasi, hebu tuache hilo swali.

Sasa mpangilio wangu, na nasema wazi napendelea.

Ya kwanza ni Mold Star 15 SLOW ya Smooth-On, Wamarekani wale. Dakika 50 kwenye karatasi, kwangu uani nahesabu 25 na zinanitosha nikoroge, nimimine uzi mwembamba kutoka juu kwenye kona moja ya boksi mapovu yapasuke njiani, na nijibu simu ya mama. Inakomaa masaa manne, kwa joto letu hata kabla. Unachanganya nusu kwa nusu kwa ujazo, vikombe viwili sawa, hakuna mizani. Ugumu wake ni 15 kwenye kipimo cha Shore A, yaani laini, na hapo ndo mapenzi yangu yalipo: unaichana ubavuni kwa wembe, kwa zigizaga ili ikifungwa irudi palepale, unafunga na rababendi, nta ikipoa unaifungua kama ganda la ndizi na punje hazing'oki. Hindi langu la pili lilitoka na kapunje kale kalikokuwa kametobolewa na mdudu, na tundu lake!

Ila ina roho ndogo. Ni silikoni ya platinamu, yaani inagandishwa na kemikali ya platinamu, ikigusana na salfa haigandi, inabaki kunata kama asali milele. Plastisini nyingi za kufinyangia zina salfa, na glavu za mpira zile za hospitali nazo adui, vaa za naitraili. Dada mmoja wa Morogoro kanitumia picha analalamika kauziwa feki, kumuuliza, glavu.

Ya pili Mold Star 30, dakika 45, masaa sita, ngumu zaidi. Hii chukua kama unatengeneza mshumaa mnene ulionyooka wa kanisani, ukuta wa moldi hautatanuka tumbo ukijaza nta. Kwa hindi hapana, utavunja punje.

Ya tatu OOMOO 30, hao hao Smooth-On, ila hii ni ya bati, inagandishwa na kemikali ya bati, haisumbuliwi na salfa kama za platinamu, kwa hiyo kama umefinyanga mwenyewe kwa plastisini ya stationery hii ndo afadhali yako. Dakika 30 za karatasi, kwa hiyo koroga asubuhi. Silikoni za bati zinasinyaa kidogo na hazidumu miaka kama za platinamu.

Zile RTV (silikoni za kuganda bila moto) zisizo na jina, za kuweka matone ya hadina, dawa ya kugandisha, unahitaji mizani ya gramu na bahati. Moldi ya jasi, nta inaing'ang'ania. Bomba la PVC sawa, kwa mshumaa mfano wa bomba.

Kabla hujanunua, weka hindi lako kwenye boksi, mwagia mchele mpaka ulifunike kidole kimoja juu, halafu pima huo mchele kwenye jagi. Nusu lita ya mchele ni kama gramu 590 za Mold Star 15. Mimi mara ya kwanza nilinunua kilo mbili kwa kitu cha nusu kilo kwa sababu muuzaji alisema "chukua tu, haipotei". Inapotea, ina tarehe.

Na hapo kwenye tarehe ndo nina hasira. Wauzaji wa mtandaoni wanapima silikoni kutoka kwenye ndoo wanatia kwenye chupa za maji ya kunywa, hamna lebo, hamna tarehe, hamna jina, A imeandikwa A kwa makapeni. Ukiuliza imefunguliwa lini unaambiwa njoo inbox. Bei inbox, tarehe inbox, kila kitu inbox, ukifika inbox bei imepanda kwa sababu umeonekana una shida. Niliyemlipa mimi nilipomrudia na kile kikopo chenye kijiti akaniambia "dada ulikoroga polepole". Mimi!

Siku hizi chupa zangu zinalala kwenye friji, zimefungwa vizuri, chini ya mtindi, nazitoa saa kumi na mbili asubuhi nakoroga kabla jua halijafika uani. Mtoto keshajaribu kuweka A kwenye chai.