Daftari la Art Creation A5: jema kwa shajara ya michoro, mradi maji yasizidi

Anayechora kila siku anahitaji kurasa nyingi kuliko anavyohitaji karatasi nene. Hapo ndipo daftari la Art Creation la Royal Talens, kampuni ya Apeldoorn, Uholanzi, linapoyashinda mengi ya bei kubwa. La A5, yaani nusu ya A4, lina karatasi 80 za gramu 140 kwa mita ya mraba, yaani kurasa 160: ukichora ukurasa mmoja kwa siku, ni miezi mitano na zaidi. Daftari la rangi za maji la Hahnemühle ya Ujerumani, la gramu 200, lina kurasa 60 tu. Karatasi yake ni bora, lakini miezi miwili limekwisha, na ukurasa unaouonea huruma hauchorwi.

Uzito nao una maana kwa kitu cha kubeba kila siku. Karatasi 80 za A5 za aina hii zina gramu 350 kabla ya jalada. Za A4 ni 700. Jalada ni gumu, kwa hiyo unaweza kuchora umesimama bila ubao.

Kurasa zimeshonwa. Usilikunjue kwa nguvu katikati likiwa jipya, gundi ya mgongo itapasuka. Lisimamishe kwa mgongo juu ya meza, laza majalada yote mawili, kisha fungua kurasa chache kutoka mbele na chache kutoka nyuma, ukipitisha kidole kwenye mshono kila mara, hadi mikono ikutane katikati. Baada ya hapo hulala vizuri.

Majaribio fanyia ukurasa wa mwisho, na kila alama iandikie jina la kalamu iliyoipiga. Penseli za HB hadi 4B zinakaa vizuri, karatasi ina mkwaruzo mdogo wa kuzishika. Ya 6B, iliyo laini zaidi, huchafua ukurasa wa pili daftari likifungwa. Weka karatasi nyepesi ya siagi katikati. Biki haina tatizo. Kalamu za wino wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), kama Pigma Micron, hazipenyi, ila ziache zikauke kabisa kabla ya kupitisha rangi juu. Maka za spiriti hupenya, na kununua karatasi nene kidogo hakutakuokoa. Tanguliza karatasi chini yake, na upande wa nyuma uuache kwa kubandika picha.

Sasa maji, ambako wengi hulilaumu daftari kwa kazi lisilotengenezewa. Nyuzi za karatasi zikinywa maji huvimba. Sehemu iliyolowa hutanuka, iliyo kavu haisogei, na kwa kuwa upande mmoja umeshikwa na mshono, mawimbi hukimbilia kingo za nje. Karatasi ya rangi za maji hutiwa dawa ya kuzuia isinywe haraka, ndiyo maana rangi hubaki juu kwa muda na unaweza kuichanganya. Hii ya michoro hunywa upesi: rangi hufifia ikikauka, na kingo za doa hubaki kali.

Kipimo chake ni hiki. Chora miraba mitatu ya sentimita 3. Wa kwanza upake mara moja. Wa pili upake, uache ukauke, upake tena. Wa tatu usugue kwa brashi mbichi mara kumi. Ukiona vibonge vidogo vya nyuzi, umefika mwisho wa uwezo wa karatasi. Kwa gramu 140, mpako mmoja mwepesi unafaa, wa pili baada ya kukauka unavumilika, kusugua hapana. Gwashi nzito, yaani rangi ya maji inayofunika kilicho chini yake, inafaa zaidi kwa sababu haihitaji maji mengi. Bana ukurasa kwenye jalada kwa klipu mbili kabla ya kupaka, na usiku lilaze daftari chini ya vitabu vizito, likiwa kavu. Pwani wakati wa masika karatasi huchelewa sana kukauka; ukilifunga likiwa na unyevu, kurasa hugandana na ukungu huingia. Liache wazi karibu na feni.

Rangi ya karatasi ni ya pembe, si nyeupe tupu. Hudhurungi na rangi za ngozi hupendeza juu yake. Buluu nyepesi huelekea kijani kidogo.

Wanaobandika tiketi na vipande vya magazeti watumie gundi ya kijiti, si gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Daftari likianza kunenepa hadi jalada halifungi, punguza karatasi, lakini usizing'oe: kila karatasi ni nusu ya nyingine upande wa pili wa mkunjo, ukiivuta na mwenzake hulegea. Kata kwa wembe, acha kipande cha sentimita 2 kando ya mshono.

Kaunta buku la dukani nalo huchoreka kwa biki na penseli, kama mistari haikusumbui, ila maji usiyasogeze. Na ukiwa dukani mbele ya daftari usilolijua, tazama mgongo wake kutoka juu: vitita vilivyokunjwa, vyenye uzi katikati, ni mshono wa kweli. Ukiona karatasi mojamoja zimezamishwa kwenye gundi, lirudishe rafuni.