Altezza yenye nembo ya RS200, na kijana aliyenifungia boneti usoni

Siandiki kukwambia Toyota Altezza ina nguvu za farasi wangapi, hayo yapo kila mahali. Naandika kwa sababu kila nikipita njia ya Kange, hapa Tanga, nikaiona yadi ile, damu inachemka upya.

Haja yangu ilikuwa ndogo. Nataka gari ya Kijapani ya gia za mkono, iliyokwisha kusajiliwa nchini, maana ukiagiza ya umri huo ushuru wa uchakavu wa TRA unakukondesha. Niichezee taratibu: shokapu, rimu, ekzosi, halafu siku moja niipandishe kutoka Mombo hadi Lushoto kwenye zile kona. Subaru nilizoonyeshwa zilikuwa zimeshachokonolewa na kila fundi. Celica inavuta kwa mbele, mimi nataka ya kusukuma nyuma. Ikabaki Altezza.

Pale yadi ilikuwepo moja ya rangi ya fedha, nyuma imebandikwa RS200. Dashibodi nzima, ile ya mtindo wa saa ya mkononi, viti havijachanika, na chini nilipopapasa sikukuta kutu ya kutisha, jambo la nadra kwa gari iliyokaa na chumvi ya bahari yetu. Kijana wa yadi, mdogo kwangu kabisa, wimbo wake mmoja tu, jina la injini: "Kaka, hii ndiyo BEAMS yenyewe!"

Nikagusa boneti. Ya moto. Na nilikuwa nimepiga simu mapema kuwaomba wasiiwashe! Injini ikishapashwa, ule mgongano wa asubuhi na moshi wa bluu wa kwanza huvipati tena, na hivyo ndivyo vinavyosema kweli. Nikameza mate, nikamwomba afungue.

Sasa sikilizeni. RS200, kwa namba ya modeli, ni SXE10, silinda nne, injini 3S-GE. AS200 ni GXE10, silinda sita, injini 1G-FE. Namba hiyo imepigwa kwenye kibati ndani ya boneti, wala huhitaji fundi kuisoma. Na hilo neno BEAMS Toyota walilitumia kwa injini zote mbili, kwa hiyo kuniimbia BEAMS ni kunijazia upepo tu. Nikainama, nikafuta vumbi kwa kidole, nikaanza kusoma kwa sauti: G, X... Boneti ikashuka. Nusura vidole vyangu vibaki mle ndani.

"Mzee, umekuja kununua au wewe ni mkaguzi wa TBS?"

Mzee! Muda si mrefu uliopita nilikuwa kaka.

Wenzake waliokaa kivulini wakacheka. Mwenye yadi, mtu mzima na kofia yake, alikuwepo akiona yote. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza. Akasema, "Vijana wa siku hizi, wavumilie tu," akarudi kwenye simu yake. Na sisi ndio watu wa Tanga tunaosifiwa ustaarabu!

Yadi ile naipa sifuri. Basi sifuri na nusu, na hiyo nusu ni ya gari.

Maana gari yenyewe, nikisema kwa haki, kwa mtu anayetaka kuichezea huku mkoani GXE10 si mbaya hata kidogo. Hiyo 1G ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110 zilizojaa mitaani, kwa hiyo vipuri na mafundi wanaoielewa unawapata hapo hapo Ngamiani. Ile 3S-GE ina nguvu zaidi, sikatai, lakini ikidai kifaa chake utangojea basi la Dar, na huenda ukangojea meli. Tena Altezza Gita, ile ya mgongo mrefu, ilitoka kiwandani na 2JZ, injini kubwa zaidi, kwenye tumbo hilo hilo. Ukija kutamani injini kubwa, nafasi ipo.

Kwa hiyo angeniambia, "Kaka, hii ni sita, nembo walibandika tu," ningelipa siku ile ile. Hela nilikuwa nayo! Wao wanataka bei ya RS200 kwa AS200, na ukiuliza unabanwa vidole. Mtu anayeficha kibati kinachosomeka na mtoto wa shule, giaboksi amefichaje? Oili kaweka ipi? Hata ile kutu ambayo sikuikuta sasa naitilia shaka, labda imepakwa rangi juu.

Usiende. Au nenda, lakini alfajiri, kabla hawajaiwasha.

Nina shemeji yangu Muheza, pale hawamjui. Nimemwambia apite mapema, ashike boneti kwanza, asome kibati, kisha ataje bei ya AS200 na asiongeze hata mia. Wakimfungia na yeye, nitanunua Mark II, na Mark II siitaki.