Juzuu nene za jalada laini: kuwasoma upya mashujaa wa zamani wa Marvel na DC

Majarida ya katuni ya mashujaa wenye nguvu za ajabu yaliyouzwa Marekani kwa senti 10, na baadaye kwa senti 12, yalitengenezwa ili yasomwe mwezi mmoja kisha yapishe toleo la mwezi unaofuata. Karatasi yake ilikuwa ileile hafifu ya magazeti, rangi zilichapwa kwa haraka, na kurasa zilishikwa na pini mbili tu katikati. Leo nakala nzuri ya Amazing Fantasy nambari 15, toleo la Agosti 1962 ambamo Spider-Man alionekana kwa mara ya kwanza, hufungiwa ndani ya plastiki ngumu na kuhifadhiwa kama johari, na mwenye nayo huenda asithubutu kamwe kuifungua. Anayetaka kuisoma hadithi yenyewe hana budi kugeukia machapisho ya pamoja, na kwa wengi wetu hayo ni machapisho ya jalada laini: vitabu vinene ambavyo kila kimoja hukusanya matoleo kumi na kitu, ishirini au zaidi ya jarida moja, kwa mfuatano.

Nimezisoma juzuu za aina hii kwa miaka mingi, na katika tathmini hii nitazungumzia hasa mifululizo mitatu ya Marvel na DC, wachapishaji wawili wakubwa wa katuni Marekani. Wa kwanza ni Essential wa Marvel, ulioanza mwaka 1996 na kukoma mwaka 2013, wenye juzuu za takriban kurasa 500 zilizochapwa kwa wino mweusi pekee. Wa pili ni Showcase Presents wa DC, uliofuata njia hiyohiyo kuanzia mwaka 2005. Wa tatu ni Epic Collection wa Marvel, ulioanza mwaka 2013 na unaochapwa kwa rangi kamili. Wasomaji wengi huamini kwamba juzuu zisizo na rangi zilikuwa za mtu asiyemudu bora, na kwamba ujio wa juzuu za rangi umeziondolea sababu ya kuwapo. Mimi sikubaliani nao. Kwa sehemu kubwa ya hadithi hizi, wino mweusi juu ya karatasi isiyong'aa bado ndio unaomwezesha msomaji kuona kazi ya mchoraji ilivyo, na palipo na hadithi zinazodai rangi nitazitaja.

Ushahidi wangu mkuu ni juzuu ya pili ya Essential Spider-Man, yenye matoleo ya 21 hadi 43 ya The Amazing Spider-Man. Humo yamo matoleo ya 31 hadi 33, ambayo mchoraji Steve Ditko aliyatengeneza mwishoni mwa mwaka 1965, katika kipindi ambacho jina lake lilikuwa limeanza kutajwa pia kama mtunzi wa mpangilio wa hadithi, pamoja na Stan Lee aliyeandika maneno. Katika toleo la 33 Spider-Man amebanwa chini ya mtambo mkubwa wa chuma, maji yanavuja kutoka juu, na dawa itakayomwokoa shangazi yake May imelala sakafuni hatua chache mbele ya macho yake, asipoweza kuifikia. Ditko hana haraka. Anaigawa kurasa katika visanduku vidogo vinavyombana shujaa pamoja na msomaji, kisha anavipanua kimoja baada ya kingine kadiri mgongo wa kijana yule unavyoinuka, hadi mtambo unapoondoka katika picha moja inayojaza ukurasa mzima. Katika nakala ya rangi, mtambo ule umepakwa rangi bapa ambayo jicho hulipita upesi. Katika nakala ya wino mtupu uzito wote unatokana na weusi: mabaka mazito juu ya mabega, mistari mifupi ya maji, na mikono inayotetemeka kwa sababu tu mistari yake imekatwa. Ditko alijipakia wino mwenyewe, yaani hakumwachia mtu mwingine kazi ya kuipitia kwa wino michoro yake ya penseli, kwa hiyo kila mstari unaouona ni wa mkono wake.

Juzuu hiyohiyo ina jambo jingine ambalo msomaji wa mwezi kwa mwezi hakupata nafasi ya kuliona vizuri. Ditko aliondoka baada ya toleo la 38, mwaka 1966, na nafasi yake ikachukuliwa na John Romita, ambaye alikuwa ametumia miaka kadhaa kuchora majarida ya mapenzi ya DC. Romita alianza kwa kujaribu kumfuata mtangulizi wake, na ukizifungua kurasa za toleo la 38 na la 39 kwa pamoja, jambo ambalo kitabu kimoja kinakuruhusu kulifanya kwa kidole tu, utaona juhudi hiyo na utaona pia inavyomshinda. Nyuso zinalainika. Peter Parker, kijana aliye nyuma ya barakoa ya Spider-Man, ananyoosha mabega. Kufikia toleo la 42, ambapo uso wa Mary Jane Watson, atakayekuwa mpenzi wa Peter, unaonekana kwa mara ya kwanza, jarida limekuwa jingine kabisa, na hakuna rangi ya kukupumbaza udhani kwamba ni lilelile. Sijui kitabu kingine cha jalada laini kinachofundisha kiasi hiki kuhusu mkono wa mchoraji.

Juzuu mbili za mwanzo za Essential X-Men, hadithi za kundi la mashujaa waliozaliwa na nguvu za ajabu, zinastahili sifa kama hiyo, ingawa hapa naanza kuona mpaka wa hoja yangu. Juzuu ya kwanza inaanza na Giant-Size X-Men ya mwaka 1975, iliyolifufua jarida ambalo kwa zaidi ya miaka minne lilikuwa likirudia hadithi zake za zamani tu, kisha inaendelea na matoleo ya 94 hadi 119. Juzuu ya pili inafika toleo la 144. Ina maana kwamba vitabu viwili vinakupa kipindi chote cha ushirikiano wa mwandishi Chris Claremont na mchoraji John Byrne, kuanzia toleo la 108 hadi la 143. Terry Austin, aliyempakia Byrne wino kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, alikuwa na mstari mwembamba na makini sana, na nyuma ya wahusika wake utakuta vyombo, nyaya na vitambaa ambavyo katika magazeti ya awali vilimezwa na rangi iliyovuja. Katika weusi na weupe vyote vinaonekana.

Hata hivyo, simulizi ya Phoenix inaishia katika toleo la 137 la mwaka 1980, kwa kifo cha Jean Grey juu ya mwezi, yule shujaa wa X-Men ambaye nguvu zake za Phoenix huonekana kama ndege wa moto, na nguvu ya simulizi hiyo ni moto. Bila rangi, ndege yule wa miali anabaki kuwa mchoro wa ukingo wenye utupu katikati, na msomaji analazimika kuliwazia joto analoambiwa na maneno. Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Jina la mtia rangi Glynis Wein limeandikwa katika kisanduku cha majina mwanzoni mwa matoleo mengi ya kipindi hiki, na katika juzuu ya Essential jina hilo limebaki mahali pake wakati kazi aliyoifanya imeondolewa yote. Kwa hadithi ya Phoenix, basi, nashauri toleo la rangi bila kusita.

Nashauri vivyo hivyo kwa Fantastic Four, jarida la kundi la mashujaa wanne, la mchoraji Jack Kirby na Stan Lee. Kirby alipenda kubandika vipande vya picha halisi ndani ya michoro yake ili kuonyesha anga za mbali na ulimwengu mwingine, na picha hizo zikichapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi ya kawaida hugeuka ukungu wa kijivu usiosomeka. Matoleo ya 48 hadi 50 ya mwaka 1966, ambamo Galactus anakuja kuila dunia na mjumbe wake Silver Surfer anamgeuka, yanahitaji pia ukubwa ambao rangi huutilia nguvu. Epic Collection inaitendea haki kazi hii, na mara nyingi inaongeza mwishoni kurasa za michoro ya awali na matangazo ya zamani, mambo ambayo mpenzi wa historia ya katuni atayashukuru.

Lawama yangu kwa juzuu za rangi ni ya karatasi. Rangi za zamani ziliundwa kwa nukta ndogo za wino wa samawati, waridi na manjano pamoja na mweusi, na karatasi ya magazeti ilizinywa nukta hizo na kuzipunguzia ukali; watia rangi walilijua hilo na walichagua kwa kulizingatia. Rangi zilezile zikijengwa upya kwa kompyuta na kuwekwa juu ya karatasi nyeupe inayong'aa, hupiga kelele. Nyekundu ya Spider-Man inakuwa kama ya plastiki mpya, na mandhari ya manjano, ambayo zamani ilikuwa tulivu, inachoma macho chini ya taa. Kurasa za Essential hugeuka manjano baada ya miaka na gundi ya mgongo huchoka, lakini mtu anaweza kusoma kurasa mia kwa kikao kimoja bila jicho kulalamika.

Jambo la pili ni mpangilio wa uchapishaji. Juzuu za Epic Collection zina nambari kulingana na mahali pake katika historia ya mhusika, lakini hazitolewi kwa kufuata nambari hizo, hivyo msomaji anaweza kuwa na ya kwanza na ya tatu huku ya pili ikisubiriwa. Mpango wenyewe una faida, kwa kuwa unawafikisha wasomaji kwenye hadithi za miaka ya baadaye bila kungoja, lakini anayetaka kusoma tangu mwanzo anapaswa kuhakikisha kwamba juzuu zote anazozihitaji zinapatikana kabla hajaanza.

Kwa upande wa DC nina machache ya kusema kuhusu Showcase Presents. Michoro ya Carmine Infantino katika The Flash, jarida la shujaa mwenye kasi ya ajabu, pamoja na miji yake iliyolala chini kabisa ya upeo na mbio zinazoonyeshwa kwa mistari ya mlalo, inapendeza sana ikiwa nyeusi tupu. Tatizo ni namna hadithi zilivyoundwa: nyingi ni fupi, kila moja inajitosheleza, na mwishoni kila kitu kinarudi kilipokuwa. Kurasa 500 za namna hiyo zisomwe kidogo kidogo, hadithi moja au mbili kwa siku, la sivyo mbinu zinaanza kujirudia machoni. Marvel nayo ina kasoro ya jirani na hiyo, kwani kila toleo linamweleza upya msomaji mgeni nguvu za kila shujaa na chanzo chake, maelezo yaliyokuwa ya lazima kwa jarida la kila mwezi lakini yanayochosha yanapofuatana.

Batman Chronicles, mfululizo wa rangi ulioanza mwaka 2005, ulikuwa na nia njema kuliko yote: kuchapa kila hadithi ya Batman kwa mpangilio wa kutokea kwake, kuanzia Detective Comics nambari 27 ya Mei 1939. Ulisimama kabla ya kuvuka nusu ya muongo wa 1940, na huo ni mkosi kwa wasomaji. Anayezinunua juzuu hizo leo asome ukurasa wa majina kwa uangalifu. Kwa miongo mingi Batman alitajwa kuwa ni uumbaji wa Bob Kane peke yake, ingawa Bill Finger ndiye aliyeandika hadithi ile ya kwanza na kuchangia sana katika sura ya mhusika. Jina la Finger lilianza kutajwa rasmi pamoja na la Kane mwaka 2015 tu. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo kinabeba dhuluma hiyo katika kurasa zake za mwanzo, na wachapishaji wanapotoa nakala mpya za hadithi zilezile hawana tena sababu ya kuirudia.

Kitu ambacho juzuu za Essential zilikitupa, na ninachokikosa kuliko rangi, ni kurasa za barua za wasomaji. Majarida ya miaka ya 1960 yalizungumza na wasomaji wake mwishoni mwa kila toleo, na wasomaji walijibu kwa sifa, kwa kusahihisha makosa na kwa kubishana wao kwa wao. Juzuu ya kwanza ya Essential Fantastic Four inaishia na toleo la 20 la mwaka 1963. Katika jarida lenyewe, baada ya hadithi, ilichapwa barua ya kijana aliyeisifu hadithi ya toleo la 17 kwa shauku isiyofichika. Kijana huyo alikuwa George R. R. Martin, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi wa riwaya anayejulikana duniani kote. Msomaji wa juzuu hiyo anapata hadithi yote ya toleo la 20, lakini barua haimo. Mchapishaji yeyote anayeandaa juzuu mpya za jalada laini, za rangi au zisizo na rangi, naomba azirudishe kurasa hizo kabla ya kuongeza kitu kingine chochote.