Mtungi au pipa? Mivinyo miwili ya COS

COS, kiwanda cha Vittoria, Sisilia, kilichoanzishwa 1980, hulima kwa baiodainamiki, aina ya kilimo hai: samadi hujazwa kwenye pembe za ng'ombe, hufukiwa majira ya baridi, kisha hukorogwa majini na kunyunyiziwa shamba. Mivinyo hii miwili myekundu hutoka zabibu zilezile, Nero d'Avola na Frappato, na huchachuka kwa hamira ya asili. Kinachotofautiana ni chombo.

Cerasuolo di Vittoria hukomaa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni. Ni laini, una ladha ya cheri, mgeni wa mvinyo ataupenda.

Pithos hukaa na maganda ya zabibu ndani ya mitungi ya udongo iliyofukiwa hadi shingoni. Ukakasi wake hubaki kwenye fizi. Kwa nyama choma, nauchukua huu bila kusita.