Gazeti la manila ukutani kwangu: maoni yangu baada ya masika moja

Gazeti hili halina bei. Ni karatasi mbili za manila zilizoungwa kwa selotepu upande wa nyuma, habari zimeandikwa kwa markapeni nyeusi na vichwa vyake kwa nyekundu. Kila Ijumaa, skuli ikitoka mapema kwa ajili ya sala, wanafunzi watatu au wanne huja nalo mbio dukani kwangu wakalibandika kwenye ukuta wa baraza. Lilianza mwezi wa Machi, mvua za masika ziliposhika, na mpaka leo nimeshasoma matoleo kumi na moja. Naandika maoni haya kwa kuwa nina watoto wawili katika skuli hiyo, mmoja darasa la nne na mwengine kidato cha kwanza, na tangu niwe mzazi sijapata kuyajua mambo ya skuli kama nilivyoyajua msimu huu.

Sisi tupo Pemba, wilaya ya Micheweni, upande wa pwani. Duka langu lipo njia panda: njia moja inakwenda skuli, nyengine inashuka pwani. Asubuhi wanapita watoto, mchana wavuvi, na siku za bamvu, maji yanapokupwa mbali, wanapita akinamama na kamba zao za mwani begani. Kwa hiyo ukuta wenyewe umechaguliwa vizuri, na hilo ndilo la mwanzo la kuwasifia. Wangelibandika ofisini kwa mwalimu mkuu, lingesomwa na walimu peke yao.

Zamani habari za skuli zilikuja kwa mdomo wa mtoto. "Mama, mwalimu kasema mje kesho." Saa ngapi? Hajui. Kuna nini? Hajui. Mwaka juzi niliufunga mlango wa duka nikapanda skuli kwenye mkutano wa wazazi, nikakuta viti vinarudishwa madarasani, mkutano ulikuwa jana yake. Jirani yangu alimnunulia mwanawe viatu vyeupe kwa ajili ya michezo, kumbe zilizotakiwa ni soksi. Mambo hayo ukiyaangalia moja moja ni madogo, lakini kwa mtu anayehesabu shilingi si madogo.

Toleo la kwanza lilikuwa na habari tatu tu, na nililipenda kwa sababu ya moja. Bati la darasa moja lilikuwa linavuja, kwa hiyo watoto wa darasa lile wangehamia mkondo wa mchana kwa wiki mbili. Waliandika ni darasa gani, kuanzia siku gani, kuingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Mwanangu wa darasa la nne alikuwamo. Jioni ile ile nilikwenda kwa mwalimu wake wa chuo, tukakubaliana asome Kurani asubuhi. Kila kitu kilikaa mahali pake kabla ya Jumatatu. Habari ya skuli ikimfikia mzazi namna hiyo, mzazi anaweza kuifanyia kazi.

Lakini lililonifanya niwe mpenzi wa gazeti hili ni barua ya bamvu.

Juu ya kaunta yangu wameweka kopo la maziwa ya unga, mfuniko wake umetobolewa. Mtu akiwa na neno analiandika na kulitumbukiza, asiyejua kuandika anaandikiwa na mtoto. Kwenye toleo la tatu ilitoka barua ya mama mmoja mkulima wa mwani. Aliuliza kwa nini mikutano ya wazazi inaangukia siku za bamvu. Kwa msiokaa pwani: bamvu huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali sana, na hapo ndipo mwanamke anaposhuka shambani kwake baharini kufunga na kuvuna mwani. Siku chache tu, kisha maji hayakupwi tena kiasi hicho. Ukimwita mama huyu skuli siku ya bamvu umemwambia achague kati ya mwanawe na chakula cha mwanawe. Halafu inasemwa mkutanoni kwamba akinamama wa pwani hawajali elimu. Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu mara nyingi, na kila mara liliniuma, kwa kuwa mimi mwenyewe nina kamba zangu kule chini.

Barua ilitoka kama ilivyoandikwa, hawakuipunguza ukali. Wiki mbili baadaye gazeti likatangaza mkutano: Jumamosi, mwezi saba Mfunguo Pili, yaani siku ya saba ya mwezi huo wa Kiislamu, saa mbili na nusu asubuhi. Mwezi saba ni maji mafu, bahari haikupwi mbali. Mtu wa pwani akiisoma tarehe hiyo anaelewa mara moja kwamba safari hii amefikiriwa. Siku ilipofika safu tatu za mbele zote zilikuwa za akinamama, na wengine walisimama madirishani. Tuliulizwa mambo ya vyoo vya wasichana, na kwa mara ya kwanza waliojibu ni wale wanaoambiwa na binti zao ukweli wa vyoo hivyo. Tangu hapo kila toleo lina kijisanduku pembeni kinachoonyesha siku za bamvu na za maji mafu za wiki mbili zijazo. Wavuvi nao wanakitumia.

Katika habari za shughuli, iliyoandikwa vizuri kuliko zote ni ya mikoko, kazi ya mwanafunzi wa kidato cha pili. Skuli ina klabu ya mazingira, na masika wanapanda. Angeweza kuandika kwamba walipanda, wakapiga picha, wakarudi, kama zinavyoandikwa habari nyingi za upandaji miti. Yeye alianza na miti iliyokufa. Mwaka jana walichomeka mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoota zingali mtini, kwenye mchanga wa mbele kabisa unaopigwa na mawimbi. Zote zilichukuliwa na maji. Alikwenda kumuuliza mzee mmoja mvuvi, akaambiwa: mbele pale ni mahali pa mlilana, mti mwengine wa pwani; mkoko unataka tope na utulivu wa ndani ya hori, pale bahari inapoingia nchi kavu. Mwaka huu wamepanda ndani ya hori, na ameahidi kwenda kuhesabu iliyobaki hai na kuitangaza hesabu hiyo gazetini, ikiwa njema au mbaya. Mwanafunzi huyo ameshajua kwamba kilichoharibika nacho ni habari, na pengine ndicho kinachomfaa zaidi msomaji.

Habari ya vidonge vya kichocho nayo ilinigusa nyumbani kwangu hasa. Miaka mitatu nyuma mwanangu mkubwa alimeza vidonge hivyo skuli, akarudi amejikunja tumbo, akatapika usiku. Mwaka uliofuata siku ya vidonge nilimzuia nyumbani, na si mimi peke yangu niliyefanya hivyo. Safari hii gazeti lilieleza mapema, Ijumaa moja kabla. Kwanza mtoto ale, asimeze tumbo likiwa tupu. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Pili, ile fimbo yenye alama wanayosimamishwa watoto ni ya kupimia urefu, na urefu ndio unaoonyesha idadi ya vidonge. Tatu, kwa nini masika: mabwawa na vijito vinajaa, watoto wanaoga humo, na konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea. Kimelea kinapenya ngozi, na mtoto mgonjwa akikojoa majini anawaanzishia wenziwe safari upya. Waliitaja na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo imeshughulika sana na kichocho na minyoo ya watoto wa Pemba. Siku ile niliamka alfajiri nikachemsha muhogo, wanangu wakala wakashiba na chai, wakaenda. Walirudi salama. Kwa habari ile moja tu gazeti limeshanilipa ukuta wangu.

Ziara ya msitu wa Ngezi niliisoma haraka. Imeandikwa na watoto wadogo, wamejaza popo tupu, na si vibaya, maana popo wale wakubwa hawapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu. Lakini kila mtoto karudia sentensi ile ile ya mwenzake. Afadhali angeandika mmoja.

Mpira unakula nafasi kubwa mno. Skuli zinajipima na majirani kabla ya michezo ya Elimu Bila Malipo, ile inayokumbusha tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alipotangaza kwamba mtoto wa Zanzibar atasoma bila ya ada. Sawa, ni jambo la kuandikwa. Ila wavulana walitoka sare wakapewa nusu ya karatasi moja, na wasichana wa netiboli waliishinda skuli ya jirani nyumbani kwake, juu ya uwanja wa mawe kama tunavyoijua Micheweni yetu, wakapewa mstari mmoja chini kabisa. Binti yangu anacheza netiboli. Alisimama akausoma ule mstari, akaingia ndani kimya. Nililiandika hilo nikalitia koponi, na toleo lililofuata liliongeza kidogo. Bado halitoshi.

Kuhusu 1964, mama yangu alizaliwa kabla ya Mapinduzi na hakuwahi kukaa darasani. Ijumaa anakuja na kiti chake hapa barazani, na mjukuu wake wa darasa la nne anamsomea gazeti kuanzia juu mpaka chini. Akikwama kwenye neno, mama anamngojea. Wanaume wa bao waliopo pembeni wananyamaza nao wanasikiliza. Habari ya tarehe ile aliomba asomewe mara mbili.

Sasa kosa kubwa, na hili silifichi. Toleo la sita lilibandika alama za jaribio za darasa la sita, majina yote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilikuwa napima sukari nikamuona mtoto mmoja wa kiume anashuka na orodha kwa kidole, anashuka, anashuka, mpaka akafika chini. Nyuma yake walikuwapo wenziwe, na walikuwapo watu wazima. Jumatatu hakupita kwenda skuli, Jumanne hakupita. Mama yake alikuja kuniuliza kama nimemuona. Orodha ile niliibandua mwenyewe, nikaikunja, nikampelekea mwalimu wa Kiswahili anayesimamia gazeti. Nilimwambia: mwalimu, ukuta ni wangu, na hili halibandikwi tena hapa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alisema ilidhaniwa aibu itawasukuma watoto kusoma. Tangu hapo alama haziandikwi, na mzazi anayezitaka anakwenda kuziona skuli. Mtoto karudi baada ya wiki moja. Hata hivyo nataka skuli nyengine zitakazofanya gazeti kama hili zilijue jambo hili kabla ya kulifanya, kwa sababu barazani kwa mtu si darasani. Kinachobandikwa hapa kinasomwa na kijiji kizima.

La pili lililobaki ni fedha za bati. Gazeti lilitangaza vizuri mchango wa kutengeneza lile darasa linalovuja, likataja na kiwango kwa kila nyumba. Tumetoa. Bati limebadilishwa, nimeliona. Lakini hesabu ya kilichokusanywa na kilichotumika haijatoka mpaka leo. Simtuhumu mtu yeyote. Nasema waliotangaza kuingia kwa fedha watangaze na kutoka kwake, kwa wino ule ule mwekundu.

Mengine ni ya mkono. Chini ya karatasi herufi zinakuwa ndogo kwa sababu nafasi imewaishia. Wangepanga kwanza kwa penseli. Toleo la nne liliroa, wino ukachuruzika mpaka sakafuni kwangu, na sasa wanalifunika kwa nailoni, inafaa. Na kuna toleo moja ambalo kila penye "skuli" paliandikwa "shule". Nilimuuliza mtoto, akasema mgeni mmoja alisahihisha. Hapa tunasema skuli, na gazeti la watoto wa hapa liseme skuli. Walirudisha.

Mwalimu anayelisimamia ni msichana mdogo, ajira yake ya kwanza, na Alkhamisi jioni hubaki na watoto darasani mpaka jua linakaribia kuzama. Halipwi kwa kazi hiyo. Nimeona watoto wake wanavyouliza watu maswali siku hizi: wanakuja dukani na daftari, wanauliza bei ya unga wiki hii na wiki iliyopita, wanaandika. Mwanangu wa kidato cha kwanza, aliyekuwa hatoi neno mbele ya mgeni, wiki iliyopita alimsimamisha sheha, kiongozi wa serikali hapa kwetu, njiani akamuuliza kisima cha skuli kitafukiwa lini.

Toleo la kumi na moja bado lipo ukutani: ratiba ya mitihani ya nusu mwaka, siku ya kufunga, siku ya kufungua, na wito kwa wazazi kuangalia sare zilizochakaa mapema ili mafundi wasielemewe siku za mwisho. Markapeni nyekundu imekauka, vichwa vya habari safari hii ni vya bluu, na karatasi za manila zimebaki nne. Mwenye kwenda Konde au Wete wiki hii akiwa na nafasi, apitie dukani kwangu nimpe fedha atuletee.