New Salem, Illinois: kijiji cha mpimaji ardhi aliyeingia bungeni

Wageni wengi huenda New Salem kumtafuta Rais Abraham Lincoln, nao hurudi wakiwa wameona duka, nyumba ya wageni na kinu cha kusaga nafaka. Tathmini hii inamtazama Lincoln mwingine, yule aliyeishi hapa kati ya 1831 na 1837: kijana aliyepima mashamba na barabara, mwenye akili ya kihandisi ingawa hakupata kuisomea darasani, ambaye kazi hiyo ya vijijini ilimfungulia mlango wa siasa. Kwa anayemtafuta mtu huyo, eneo hili lina thamani kubwa, lakini lina upungufu mmoja ambao mgeni hana budi kuuziba mwenyewe.

Kijiji kiko juu ya kilima kando ya Mto Sangamon, kiasi cha kilomita 32 kaskazini-magharibi mwa Springfield, mji mkuu wa jimbo la Illinois nchini Marekani. Nyumba zake za magogo zilijengwa upya, nyingi kati ya hizo katika miaka ya 1930, baada ya William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti, kuinunua ardhi hiyo mwaka 1906 na jimbo kuipokea mwaka 1919. Jengo pekee la asili ni karakana ya fundi mapipa Henry Onstot, ambalo lilihamishiwa mji jirani kijiji kilipokufa, kisha likarudishwa. Ningependa tofauti hiyo isisitizwe zaidi, maana ukuta wa magogo hausemi umri wake.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mtoni, penye kinu. Hapo mwaka 1831 mashua bapa ya Lincoln ilikwama juu ya bwawa la kinu, nusu ikining'inia hewani. Alipunguza shehena, akatoboa tundu upande uliokuwa ukining'inia ili maji yaliyoingia yatoke, akaliziba, na mashua ikavuka. Mwaka 1849, akiwa ameshaonja ubunge wa Washington, alipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) namba 6469 kwa kifaa cha kuinua vyombo vya majini vilivyokwama kwenye kina kifupi. Kifaa hicho hakikutengenezwa kwa ajili ya soko, lakini hakuna rais mwingine wa Marekani mwenye hataza kwa jina lake.

Upimaji aliuingia kwa shida. Duka aliloliendesha na mwenzake William Berry lilikuwa limemwachia madeni, na mwaka 1833 John Calhoun, mpimaji wa kaunti ya Sangamon, alimteua kuwa naibu wake ingawa kisiasa hawakuwa upande mmoja. Lincoln alijifundisha jiometria na trigonometria kutoka vitabuni, akapata dira na mnyororo, akaanza kuzunguka. Mnyororo wa mpimaji wa zama zile ulikuwa na urefu wa futi 66, na minyororo 80 ilifanya maili moja, kwa hiyo kila mstari ulimaanisha kutembea, kuhesabu, kukata vichaka na kuzungumza na wenye shamba. Wadai walipokamata vifaa vyake vikapigwa mnada, jirani yake James Short alivinunua na kumrudishia.

Hapa ndipo siasa ilipozaliwa. Mwaka 1832 aligombea Bunge la Illinois akawa wa 8 kati ya wagombea 13. Mwaka 1834, baada ya kupima mipaka ya watu na kuwagawia barua akiwa pia msimamizi wa posta, alishinda. Anayejua jinsi bikoni moja iliyosogezwa inavyogombanisha ndugu ataelewa uzito wa kuaminiwa kuamua mpaka uko wapi.

Upungufu niliouita mmoja ni huu: kazi hiyo ilifanyika porini, si ndani ya kibanda, na kijiji cha vibanda, hata kijengwe kwa uangalifu gani, kitamwonyesha muuza duka kwa urahisi kuliko mpimaji. Dawa yake ni mji wa Petersburg, mwendo mfupi kuelekea kaskazini, ambao Lincoln aliupima mwaka 1836. Wenyeji husimulia kwamba aliupindisha mpangilio wa mitaa kidogo ili nyumba ya mjane mmoja isiangukie barabarani. Kama ni kweli, mwanasiasa alikuwa ameshaushika mkono wa mpimaji. Petersburg ukawa makao ya kaunti mpya ya Menard mwaka 1839, na New Salem, iliyokuwa imeanza kuhamwa, ikabaki mahame.

Sifa zisizidi kiasi, hata hivyo. Bungeni Lincoln aliunga mkono kwa nguvu sheria ya mwaka 1837 iliyotenga takriban dola milioni 10 kwa reli, barabara na mito. Msukosuko wa fedha wa mwaka huohuo ukaikumba mipango hiyo, na Illinois ikaelemewa na madeni kwa miaka mingi. Mtu aliyepima kila futi ya shamba la jirani hakuipima sawasawa mifuko ya jimbo lake.

Kiingilio hakitozwi, ila mchango wa hiari unapokelewa. Saa za kufungua hubadilika kwa majira, hivyo zihakikishe kabla ya safari. Vaa viatu vya kutembelea. Ukiwa na siku moja tu, anzia Petersburg asubuhi, uitazame mitaa kwa ramani mkononi, kisha upande kilimani.